Mwajiri ana haki ya kupima hulka yako kabla ya kukupa kazi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Siku hizi unaitwa usaili wa uhasibu, lakini kabla hujaulizwa lolote la hesabu unawekewa dodoso: "Ukiwa kwenye sherehe unaongea na wengi, au na wachache unaowajua?" Ukimaliza unapewa herufi nne, basi wewe ndiwe hizo. Mdogo wangu kakosa kazi kwa staili hii. Kaambiwa "akili yake ya ndani" haifai kufanya kazi na timu.

Hiyo akili ya ndani ndiyo iliyonileta hapa. Anachosema Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, umkubali usimkubali, ni kwamba mtu ana mambo asiyoyajua ndani yake, na hayajui kwa sababu yanamtia aibu au hofu. Ndiyo maana yanajitokeza kwa mlango wa nyuma, kwenye ndoto au ulimi unapoteleza. Sasa dodoso linamuuliza nani? Linamuuliza yeye mwenyewe. Anajibu anavyojijua, na kwa vile ana njaa ya kazi, anajibu anavyotaka ajulikane. Huyo wa ndani hajaulizwa kitu.

Na herufi zenyewe? Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu cha aina za watu mwaka 1921. Mama mmoja wa Kimarekani, Katharine Briggs, na bintiye Isabel Briggs Myers wakayatoa humo mawazo ya dodoso lao la herufi nne. Mama huyo na bintiye hawakusomea saikolojia. Jung alishikilia kwamba upande ambao mtu hauonyeshi haupotei, unabaki ndani ukifidia ule wa nje. Msaili anazichukua herufi, hilo analiacha. Hata wanaouza kipimo hicho wanasema kisitumike kuajiri!

Mdau wa HR:
Mkuu, umepiga kipimo kimoja dhaifu ukahukumu vyote. Kuna vile vya sifa kuu tano za hulka: umakini na bidii, uchangamfu, upole kwa wengine, wepesi wa kupokea mapya, na wasiwasi. Mwaka 1991 Barrick na Mount walikusanya tafiti nyingi wakakuta umakini na bidii ya mtu vinaendana na utendaji wake karibu katika kila aina ya kazi. Si sana, lakini vinaendana. Halafu tukiondoa vipimo tunabaki na nini? Usaili wa maongezi, ambapo msaili anampenda aliyesoma shule kama yake na anaapa kabisa kwamba hakupendelea. Kama unatafuta akili isiyojijua, itafute upande huu wa meza.

Mdau wa tatu:
Mimi nilijaza na shemeji pembeni akinielekeza. Nikatoka "kiongozi shupavu". Kazini simu ya bosi ikiita naenda chooni 😂

Mdau wa nne:
Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapima wanafunzi wake 39, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, sentensi nyingi zimetoka kitabu cha nyota. Marekani mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilishasema kuwapa wafanyakazi wanaotaka kupanda cheo kipimo cha MMPI, ambacho kinagusa magonjwa ya akili, ni sawa na kuwafanyia uchunguzi wa kitabibu, na sheria yao inakataza.

Mleta mada:
Ndugu wa HR, la upendeleo wa msaili nakuunga mkono mia kwa mia. Ila dawa yake mbona ipo? Mpe mhasibu daftari la mauzo lenye makosa na saa moja, ayatafute. Majibu yasahihishwe bila jina. Hapo hakuna haja ya kujua nani anapenda sherehe. Na nikuulize: mkimkataa mtu kwa hulka, mnamwonyesha matokeo yake?

Mdau wa HR:
Hapana. Tukianza hivyo kila aliyekosa atarudi kubishana.

Mdau wa tatu:
Si ndiyo haki yake hiyo, jamani?