Prague, Vienna na Budapest kwa treni, niko peke yangu
Wadau habari zenu, mwezi wa 9 nataka nizunguke Prague, Vienna na Budapest kwa treni, niko peke yangu na begi la mgongoni tu, hivi pasi ya Eurail (tiketi moja ya kupanda treni nchi nyingi za Ulaya) inalipa au nikate tiketi mojamoja?

Jibu: Dada kwa miji 3 pasi ni hela nyingi bure, kata tiketi mapema. Prague mpaka Vienna ni kama masaa 4, Vienna mpaka Budapest hayafiki 3.

Jibu: Lipia na siti, mi nilisimama kwenye korido kutoka Prague mpaka Brno, mji wa njiani kwenda Vienna, begi liko miguuni, ilikuwa Ijumaa watu wamejaa balaa. Alafu Budapest wanatumia forinti na Prague koruna, euro ni Vienna tu.

Asanteni jamani, hilo la hela sikulijua kabisa, siti nalipia leo leo.