Karavani dogo la kuishi peke yako uzeeni

Kutoka: Mwana wa Mkomani, Columbus

Assalam alaykum jamaa zangu. Mwezi wa tatu nastaafu, inshallah. Watoto wamekua, kila mmoja ana nyumba yake, na mama yao alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Nataka trela dogo la kulala, nizunguke nalo huku Marekani msimu mmoja au miwili, kisha nilipakie melini nije nalo Amu, yaani Lamu kisiwani. Nimeliona moja la futi 16, bei yake si mbaya. Kuna aliyewahi kuishi ndani ya kitu kama hiki peke yake?

Kutoka: Dada wa Shella, Malindi

Wa alaykum salaam kaka. Mola amrehemu mkeo.

Nianze na lile ambalo hutalipenda, tulimalize. Amu trela haliingii. Njia za mji unazijua mwenyewe, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja husubiri. Litaishia Mokowe, gatini upande wa bara, wewe upande boti. Tena trela la Marekani mlango wake uko kulia, kwa kuwa huko mnaendesha upande wa kulia. Ukisimama kando ya barabara huku Kenya, utashukia kwenye magari yanayopita. Na umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 240. Ushauri wangu: tembea nalo hukohuko, ukichoka liuze hukohuko. Langu mimi nililinunua Uingereza. Mlango uko kushoto na umeme unalingana na wetu, ndiyo nikathubutu kulileta. Hata hivyo nilipima kwanza. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28 hivi, na karavani nyingi zinazidi hapo. Langu lina paa la kunyanyua, ukilishusha linapita.

Sasa kuchagua. Wengi wanaouliza huuliza kuhusu kitanda na jiko. Kwa mtu aliye peke yake swali ni moja: mikono yangu hii miwili itatosha? Nilipokuwa natafuta, sikukubali muuzaji anifungie wala anifungulie kitu. Nilizungusha mwenyewe mkono wa gurudumu la mbele, lile dogo linaloinua na kushusha pua ya karavani, nikaiteremsha pua kwenye kiungio cha gari mwenyewe, nikashusha miguu minne ya pembeni kwa mkono, nikaweka pimamaji sakafuni kuona kama limekaa sawa. Karavani la kwanza lilikuwa zuri mno, ila kulisukuma hatua mbili kwenye nyasi sikuweza. Nililiacha. Nilikuwa na miaka 61 wakati ule, na nguvu haziongezeki.

Kitu cha pili nilichokwenda nacho ni msala wangu. Niliutandika sakafuni, nikasujudu. Kwenye karavani mbili kichwa kiligonga kabati. Katika hili langu msala ulienea baina ya kiti na mlango, zikabaki inchi chache. Mtu asiyeswali naye ajaribu hivyohivyo, maana nafasi ile ndiyo utakayoinamia kuvaa viatu, kufagia, kuokota kijiko kilichoanguka. Picha za mtandaoni hazikuonyeshi hilo.

Unyevu ndio adui mkubwa. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba lake halijawahi kuvuja. Nikabonyeza kwa kidole gumba kwenye kona chini ya dirisha la nyuma, ubao ukaingia ndani kama boflo iliyolowa. Nilisema asante nikaondoka. Bonyeza kila kona, fungua kila kabati, nusa. Ukipata lililoundwa kwa faiba vipande viwili vilivyounganishwa, kama mashua za faiba, viungio vya kuvujia ni vichache.

Angalia na tairi. Tairi za trela huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita au saba badilisha, hata kama mistari bado mizima.

Uzito nao usiuchukulie kirahisi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100 umejiongezea kabla hujaweka sufuria. Safari yangu ya kwanza nilijaza makopo ya chakula kwenye kabati la nyuma. Lori liliponipita kwenye barabara kuu, karavani likaanza kuchezesha mkia, kushoto kulia, hata usukani ukawa hautulii mkononi. Sikukanyaga breki. Niliachia mafuta polepole mpaka likatulia, nikatafuta pa kusimama, nikakaa kando ya njia nikitetemeka. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Huko kwenu hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye kiungio.

Kuhusu kuishi nalo Malindi, jua na chumvi ndiyo kazi yenyewe. Usiegeshe chini ya mnazi, nazi moja itatoboa paa. Mwembe una utomvu. Langu liko chini ya mwarobaini, na juu yake nimesimamisha banda la makuti lenye nafasi ya kama dhiraa moja baina ya makuti na paa, upepo upite. Madirisha yanapokea kaskazi na kusi zote mbili. Bila hayo, saa nane mchana wa mwezi wa pili huwezi kukaa ndani. Kupika napikia nje, kwa sababu ya joto na kwa sababu makuti na moto havikai pamoja. Kusi ikivuma, chumvi ya bahari inaganda kwenye kiungio na kwenye miguu. Naosha kila wiki kwa maji ya mfereji. Maji ya kisima chetu yana munyu, ukioshea hayo ni kama hujaosha. Kisha napaka grisi.

Ila yote hayo yalikuwa mepesi kuliko kaka zangu. Nimerudi baada ya miaka 28, nyumba ya wazazi ina chumba changu, nami nalala uani kwenye karavani. "Watu watasema tumemfukuza dada yetu." Niliwaelewa. Lakini miaka mingi nilifanya kazi za usiku, usingizi wangu ni wa saa zangu, na nilitaka mlango ninaoufunga mwenyewe. Tulielewana nilipojenga kibaraza mbele ya mlango, nikatandika mkeka. Mgeni haingii ndani, anakaa barazani kama kwa mtu yeyote. Wifi yangu anakuja baada ya alasiri, tunakunywa kahawa ya tangawizi, na sasa watoto wanagombania zamu ya kulala kwangu.

Na tuna alama yetu. Nikiamka salama nafungua dirisha na kutundika leso kwenye kamba. Ikifika saa moja asubuhi leso haijaonekana, wifi anakuja kubisha. Mara moja ilitokea, nilikuwa na homa kali hata sauti haitoki, naye ndiye aliyenipeleka hospitali. Kaka, huko porini Marekani nani ataiona leso yako? Mwambie mmoja wa watoto akupigie kila siku kwa saa ileile, na ajue umelala wapi. Hilo lipange kabla hujatoa pesa.

Kutoka: Mwana wa Mkomani, Columbus

Dada, Mungu akuzidishie. Nimekwenda kulitazama lile la futi 16 na msala wangu. Umeenea. Gurudumu la mbele nimelizungusha mara tatu nikapumzika mara mbili, kwa hiyo naangalia jingine la futi 13, la faiba. Binti yangu amekubali kunipigia kila siku baada ya magharibi, na akasema nisipopokea atapiga polisi. Kuhusu kuliuza hukuhuku umenishinda, nitalala kwetu Mkomani. Jumamosi naenda tena, nitachukua tochi.

Kutoka: Dada wa Shella, Malindi

Ikiwa Jumamosi ni jua, ngoja siku ya mvua. Linalovuja litajionyesha lenyewe.