Naomba ushauri: tovuti ya wauza samaki
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mbunifu wa tovuti na michoro ya mwendo hapa Kisumu, na kwa sasa ninatengeneza tovuti ya akina mama wanaouza samaki katika ufuo wa Dunga. Ukurasa wa kwanza una video ya mashua, yenye picha 24 kwa sekunde, na tanga linavyojaa upepo linapendeza kweli. Lakini kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo wateja wao wengi wanazo, ukurasa unakwama na kumaliza data. Je, niichore upya kwa SVG (aina ya mchoro unaoandikwa kwa msimbo) na kuisogeza kwa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti), au simu zipate picha tuli pekee? Ningependa tanga lisalie, kwani ndilo wenyewe walilolifurahia zaidi. Tafadhali nishaurini.