Wakuu naombeni ushauri, simu za wateja wangu zinaizamisha seva

fundi_wa_ziwa: Habari zenu wakuu. Nina programu ya kurekodi mauzo, inatumika kwenye maduka ya pembejeo huku Kanda ya Ziwa, simu kama 200 hivi na zote zinakuwa zimeunganishwa na seva (kompyuta kuu inayopokea mauzo) muda wote. Mtandao ukikata, mauzo yanabaki kwenye simu halafu inajaribu kutuma tena kila sekunde 3. Juzi seva ilizima, nikaiwasha, haikumaliza dakika ikazima, nikawasha tena vilevile, mpaka saa nne usiku. Kucheki logi (kumbukumbu za seva) nakuta rikwesti, yaani maombi ya simu, 60 na kitu kila sekunde! Nikabadilisha, sasa inasubiri sekunde 1, halafu 2, 4, 8, lakini jana ilipozima bado simu zinakuja kwa mawimbi, kimyaa, halafu zote puu. Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

kodi_na_chai: Mkuu kuongeza muda umefanya sawa, shida ni kwamba simu zote zilikatwa sekunde ileile kwa hiyo zinahesabu 1, 2, 4, 8 pamoja. Weka kubahatisha. Zamu ya kusubiri 8 ikifika, kila simu ichague namba yoyote kati ya 0 na 8, upeo ukifika sekunde 60 usizidishe tena. Ethernet, ule mtandao wa kompyuta wa waya, ilifanya hivi tangu miaka ya 1970, kompyuta zikigongana kwenye waya mmoja kila moja inasubiri muda wa kubahatisha, zikigongana tena upeo wa muda unazidishwa mara mbili, na jaribio la 16 likifeli inaacha na kutoa taarifa.

binti_wa_seva: Mimi kinachonitisha ni hayo mauzo yenyewe kaka. Taimauti, yaani simu kusubiri jibu mpaka muda ukaisha, haina maana kwamba seva haikupokea. Inawezekana imeshaandika, jibu ndo limepotea njiani, simu ikituma tena mfuko mmoja wa mbolea unakuwa miwili. Kila mauzo yapewe namba yake ya kipekee palepale kwenye simu muuzaji akibonyeza Hifadhi, yakitumwa tena yaende na namba ileile, na kwenye database (hifadhi ya data ya seva) safu ya hiyo namba ikatae namba kujirudia. Hebu angalia data zako za siku ile.

fundi_wa_ziwa: Dah dada. Nimeangalia. Kuna duka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP umeingia mara 3, saa 10:42:07, 10:42:10, 10:42:13, na kijana anayeuza pale bosi wake anamdai hela ya mifuko miwili tangu juzi, ameapa mpaka kulia kwamba hajauza. Nimeumia sana.

kodi_na_chai: Pole mkuu. Na usirudie kila eroo, namba za majibu ya seva kama 400 (ombi lina kosa) au 401 (hujatambulika) hata utume mara mia jibu ni lilelile. 503 (seva haipatikani kwa sasa) na 429 (maombi yamezidi) ndo za kusubiri, na seva ikirudisha Retry-After, yaani muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, fuata muda huo iliotaja.

fundi_wa_ziwa: Mrejesho wakuu. Nimeweka yote, simu zote zimeapdeti. Leo usiku nimezima seva makusudi dakika 10 nikawasha, simu zimerudi moja moja, mbili mbili, ndani ya dakika moja na ushee zote zimeingia na seva imetulia. Rekodi zilizojirudia nimezifuta, zilikuwa 31 kwenye maduka 9. Kesho asubuhi naenda mwenyewe kwa yule bosi na hizo logi nimeshaziprinti.