Nyumbu wa Serengeti: Juni kwa lango la Ndabaka, au tusubiri Februari?

MwalimuWaKirumba

Habari zenu wadau. Naombeni ushauri wa watu waliofika kweli, maana kila ninayemuuliza ananitajia mwezi wake.

Tunaishi Mwanza, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu na mwingine la sita. Tunadunduliza kwa ajili ya safari moja ya Serengeti kuona nyumbu wakiwa katika makundi makubwa, na tunataka kwenda na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 68, amezaliwa na kukulia Bunda. Hifadhi iko jirani na kwao, lakini hajawahi kuingia hata siku moja. Anasema utotoni walikuwa wakisikia habari za nyumbu, ila hayo makundi ya kufunika uwanda ameyaona kwenye runinga tu, ukubwani. Magoti yanamsumbua, hawezi kukaa garini kutwa nzima.

Shida ni likizo. Mimi nafundisha, watoto wanasoma, nafasi yetu ni Juni au Desemba. Wakala mmoja wa utalii kaniambia nisipokwenda Agosti kuwaona wakivuka Mto Mara nitakuwa nimetupa hela. Jirani naye anasema Februari ndiyo yenyewe kwa sababu ya ndama. Nifanyeje?

Kogatende_Daima

Dada, wakala wako hajakosea. Agosti, Kogatende, kule kwenye Mto Mara. Ukishawaona wanaruka ukingoni, vumbi juu, mamba chini, hutaulizia mwezi mwingine tena. Waombee watoto ruhusa shuleni siku chache.

DerevaMstaafu_Karatu

Mwalimu, salaam, na mama mpe heshima zangu. Nimeendesha wageni hifadhi za kaskazini miaka mingi, sasa nalima huku Karatu. Nakujibu kama ningemjibu binti yangu: nenda Juni, ingia Ndabaka, Agosti waachie wengine.

Kwanza ujue kinachowasogeza. Uwanda wa kusini, kuanzia kilima cha Naabi kwenda Ndutu, umefunikwa na majivu ya volkano yaliyotoka pande za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai. Nyasi zake ni fupi lakini zina madini anayoyataka jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Tatizo la kule ni maji. Mvua ni haba kuliko sehemu nyingine zote za hifadhi, na maji ya Ziwa Ndutu ni ya magadi. Masika yakikatika nyasi zinakauka, madimbwi yanakauka, nao hawana budi kuondoka. Wanaelekea magharibi na kaskazini kwenye mvua nyingi zaidi, hadi Mto Mara ambao haukauki kiangazi. Vuli ikianza kunyesha, mara nyingi Novemba, wanateremka tena kusini. Kwa hiyo mwezi wowote utakaotajiwa ni makadirio. Mvua ikichelewa, na wao wanachelewa. Ikinyesha nyuma yao, wanageuza.

Sasa Juni. Kwa kawaida wakati huo makundi mengi yako ukanda wa magharibi, kuzunguka Mto Grumeti, na ndio msimu wa kupandana. Hili halitangazwi sana na sielewi kwa nini, maana mimi sijaona kitu chenye uhai kama hicho. Kila dume anajikatia kipande chake cha ardhi, anakimbia huku na huko kuzuia majike wasitoke, anapambana na dume jirani kwa pembe, wote wamepiga magoti. Kula hawezi, kulala hawezi. Na wanalia, mlio mzito kama wa vyura, maelfu kwa maelfu, usiku na mchana. Mama yako hata akichoka kutazama, akae garini, madirisha wazi, asikilize tu. Mimba ya nyumbu ni miezi minane na nusu hivi, hesabu mwenyewe utaona kwa nini ndama wanazaliwa Februari.

Grumeti si mto mpana kama Mara. Juni mara nyingi umeshaanza kukatika na kubaki vidimbwi, na humo mna mamba wakubwa kupita kiasi. Nyumbu lazima washuke kunywa. Watoto wako wataona mengi bila kuvizia siku nzima.

Halafu magoti ya mama. Ndabaka iko palepale kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, lami hadi mlangoni. Laleni Bunda kwa ndugu, muingie asubuhi geti likifunguliwa saa kumi na mbili, mpumzike Kirawira, humohumo ukanda wa magharibi, jioni mtoke au mlale ndani. Kogatende iko kaskazini kabisa. Kutoka kwenu ni safari ya kuchosha hata kwa kijana, na ukifika kazi ni kusubiri. Kundi linajaa ukingoni, la mbele linaogopa, lote linarudi nyuma. Linaweza kufanya hivyo siku nzima na kesho yake tena. Hakuna dereva anayeweza kukuahidi saa ya kuvuka. Anayeahidi anataka pesa yako. Na kinachoniuma zaidi ni magari. Yanapangana ukingoni, mengine yanaziba njia ya wanyama, watu wanashuka kupiga picha. Nyumbu anazuiwa pazuri pa kushukia, anajitupa penye mawe, anavunjika miguu. Ukienda msimu wowote, mwambie dereva wako asifanye hivyo, hata kama wenzake wote wanafanya.

Kuhusu maneno ya mama, hajasahau, ni kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza, hasa ndama. Ng'ombe wa vijijini walipochanjwa, ugonjwa ukakatika hata kwa wanyamapori, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Alipokuwa msichana Bunda, makundi anayoyaona leo kwenye runinga hayakuwepo. Chanjo ya ng'ombe wa wafugaji ndiyo iliyoyaleta. Mwambie, atafurahi.

MwalimuWaKirumba

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mama kipande cha sotoka, kanyamaza, kisha kaanza kunisimulia ng'ombe wa baba yake walivyokuwa wakipelekwa kuchanjwa. Sikuwahi kusikia habari hizo. Asante sana.

Je, Februari tuifute kabisa? Na Desemba vipi? Pia nimesikia upande wa magharibi una mbung'o.

Narok_Mjini

Salamu kutoka Kenya. Sisi huku shule hufungwa Agosti, na ndipo nyumbu wako Maasai Mara, kwa hivyo familia zetu huwaona bila kuwatoa watoto darasani. Kwenu kalenda inaangukia wanapopandana. Kila upande una bahati yake. Mama asihangaike kuvuka mpaka Sirari kwa magoti hayo, nakubaliana na mzee.

BundaStendi

Mbung'o wapo dada, hasa penye miti. Msivae bluu wala nyeusi, hizo rangi zinawavuta. Kaki na kijivu ni salama. Mikono mirefu, soksi, na mkifika penye vichaka fungeni vioo mpaka mtoke uwandani. Msichukue gari la chini. Hata kiangazi kuna sehemu za udongo mweusi, mvua ya ghafla ikinyesha mnanasa. Landikruza ya paa la kufunguka, watoto wasimame waone. Kila Mtanzania mzima abebe kitambulisho cha NIDA, ndicho kinachokupa kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, pesa taslimu msizitegemee.

DerevaMstaafu_Karatu

Marahaba, Mwalimu. Februari usiifute, iweke akiba ya baadaye, watoto wakishamaliza shule. Ndutu wakati huo majike wanazaa karibu wote ndani ya wiki mbili tatu, laki kadhaa za ndama. Fisi na simba wanashiba mpaka wanashindwa, na ndama wengi wanapona kwa sababu wamezaliwa pamoja. Anayezaliwa peke yake mapema au kachelewa, huyo hana bahati. Ndama anasimama dakika chache tu baada ya kuanguka na siku hiyohiyo anakimbia na mama yake. Duma nao wako wazi kabisa kwenye uwanda ule. Upande wa Ndutu ulio chini ya Ngorongoro dereva anaruhusiwa kutoka nje ya njia. Ndani ya Serengeti haruhusiwi. Lakini kwenu ni mbali: mnakata hifadhi nzima, na mkiingia eneo la Ngorongoro mnalipa kiingilio kingine.

Desemba siipendekezi kwa mama. Vuli ikiwa nzuri mnawakuta wameshafika Naabi na kusini yake, ikiwa mbaya wametawanyika, na safari ni ileile ndefu.

Jambo moja la kuangalia. Kuna miaka ambayo masika hukatika mapema, makundi yakapita magharibi haraka na kukata kaskazini kupitia mapori ya Ikorongo na Grumeti kabla Juni haijaisha. Kwa hiyo kodi gari la wiki ya kwanza au ya pili ya likizo, msingoje mwisho. Siku tatu kabla ya kuondoka, tafuta dereva anayetoka magharibi siku hiyo, muulize ameyaacha makundi wapi: Kirawira, chini yake kuelekea Ndabaka, au juu kuelekea Seronera, katikati ya hifadhi. Akikwambia yako Seronera, laleni ndani usiku mmoja ili mama apumzike katikati ya safari. Akikwambia yako Kirawira, laleni Bunda kama nilivyosema.

MwalimuWaKirumba

Nimekuelewa mzee. Shule zikifungwa tu, wiki ya kwanza. Mjomba wa Bunda ameshaambiwa atupokee, na mama ameomba akae kiti cha mbele kwa dereva.