Mjadala: Kilimo ndicho kilichomtuliza binadamu, au alitulia kwanza ndipo akalima?

Wakuu, naleta hoja hii baada ya kubishana na abiria mwenzangu njiani kwenda Singida. Alisema Wahadzabe, wawindaji na waokota chakula wa Bonde la Yaeda kaskazini mwa Tanzania, "wamechelewa miaka elfu kumi", wapewe majembe na nyumba za bati, yaishe. Nikamuuliza hiyo ratiba kaitoa wapi. Darasani, akasema: binadamu aliwinda, akagundua kilimo, akatulia mahali pamoja, akajenga kijiji.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Ila yanayofukuliwa ardhini hayakubaliani nasi.

Abu Hureyra, Syria, kando ya mto Frati, watu walikaa kijijini miaka kama 13,000 iliyopita wakiwa bado wawindaji. Waliwavizia swala waliopita kwa msimu na kuvuna nafaka za porini. Kulima kulikuja baadaye. Na Jordan, mahali paitwapo Shubayqa, yamekutwa makombo ya mkate wa miaka 14,400 hivi iliyopita, karibu miaka 4,000 kabla ya mashamba eneo lile.

Hata hilo neno "kugundua" mimi nalikataa. Anayeishi kwa kuokota chakula anajua fika kwamba mbegu ikianguka huota. Ngano pori ikiiva hupukutika, kwa hiyo mvunaji hurudi nyumbani zaidi na masuke yaliyoshikilia punje zake. Akipanda hayo, na wajukuu wake wakapanda hayo, mwishowe inapatikana ngano isiyoweza kujipanda yenyewe. Ilichukua karne na karne, huku watu wakiendelea kuwinda.

Faida ilikuwepo, sibishi: akiba ghalani, watoto wengi zaidi. Lakini mifupa ya wanawake wa Abu Hureyra imelika magotini, kiunoni na kwenye vidole gumba vya miguu kwa sababu ya kusaga. Niliposoma hilo nikamwona bibi yangu nyuma ya jiwe la kusagia mtama, amepiga magoti, vidole vimekunjwa chini, mwili mzima unakwenda mbele na kurudi. Uzeeni hakuweza kuinuka bila kushika mwimo wa mlango.

Sasa njooni kwetu. Afrika Mashariki mifugo ilitangulia jembe. Lothagam Kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walizika watu wasiopungua 580 katika eneo moja la makaburi walilolijenga kwa mawe, na hawakuwa wakulima. Luxmanda, mkoani Manyara, kulikuwa na wafugaji miaka 3,000 iliyopita. Kunde zilizofukuliwa Kakapel, magharibi mwa Kenya, zina miaka 2,300 hivi. Maana yake wawindaji wa ukanda wa Ziwa Eyasi, yaani hao Wahadzabe, wamekuwa na majirani wenye ng'ombe, kisha wenye mashamba, kwa muda mrefu mno. Jembe wameliona. Hawakulihitaji.

Na jaribio la kuwatuliza lilishafanyika. Miaka ya 1960 walikusanywa Yaeda Chini wafundishwe kulima. Waliugua, wengine wakafa, wengi wakarudi porini.

NYONGEZA, kwa aliyeniuliza kama nataka watoto wao wasisome: hapana ndugu yangu. Shule na zahanati ni haki yao kama yangu na yako, na anayetaka kulima alime. Ninachokipinga ni kuambiwa ardhi yao iko wazi kwa kuwa hailimwi. Mbuyu una wenyewe, viazi pori vina wachimbaji wake, mzinga wa nyuki una anayeujua. Mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa sehemu ya bonde lile, na hiyo naiona hatua kubwa kuliko majembe yote.

Walioko Mang'ola, Mbulu na Mkalama, naomba mtuambie mnachokiona huko: mashamba yanasogea upande gani, na Wahadzabe wenyewe wanasemaje mnapokutana nao?