Bibi yetu kaondolewa kwenye kuoshwa miguu Alhamisi Kuu, kisa "mitume walikuwa wanaume". Nani kawadanganya?

Wakuu, habari za Pasaka. Mimi yangu imekuwa shubiri. Nimejizuia wiki nzima nisiandike nikiwa na hasira, na kwa kuwa haziishi, naandika nazo hivyo hivyo.

Niko Tanga. Parokia siitaji, kigango sikitaji. Wahusika watajijua.

Katikati ya Kwaresima tulitangaziwa kila jumuiya itoe jina moja la mtu wa kuoshwa miguu na Padri Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha mitume. Jumuiya yetu haikubishana hata dakika tano: Bibi. Ni mjane, ujana wake wote kaumalizia kwenye mkonge, kuanika singa. Kila Jumamosi ndiye anayefagia kanisa na hajawahi kupewa hata ya soda. Miguu yake mjionee wenyewe kwa akili: magaga yamepasuka kiasi kwamba punje ya mchele inazama kisiginoni. Tulipompa habari alicheka, akaificha chini ya khanga. "Mwanangu, Padri si atajichoma?" Jioni yake nikamkuta uani na beseni na jiwe, anasugua.

Jumatano, kesho yake ndiyo ibada, kiongozi mmoja wa walei (waamini wa kawaida, si mapadri wala watawa) akapiga simu. Bibi atolewe. "Mitume walikuwa wanaume, Kanisa haliruhusu mwanamke." Nafasi akapewa mzee mmoja ambaye jumuiyani hatujamtia machoni tangu Krismasi, ila kwenye orodha ya waliochangia mifuko ya saruji jina lake liko juu kabisa. Jumlisheni wenyewe.

Hapo kwenye "Kanisa haliruhusu" ndipo ninapogombana na mtu. Zamani ilikuwa kweli. Papa Pius XII alipozipanga upya ibada za Juma Kuu mwaka 1955, maelekezo ya kuosha miguu yalitaja wanaume. Lakini tarehe 6 Januari 2016 Vatikani ilitoa dikrii, yaani amri rasmi, kwa agizo la Papa Fransisko, na neno "wanaume" likaondoka. Sasa wanaooshwa ni watu waliochaguliwa kutoka Taifa la Mungu: wanaume kwa wanawake, vijana na wazee, wazima na wagonjwa, mapadri, watawa na walei. Hata ile idadi ya 12 haijashikiliwa tena, kikundi kidogo kinatosha. Na aliyetia sahihi si Mzungu wa kutuletea usasa, ni Kardinali Robert Sarah wa Guinea, mtu ambaye hata wapenzi wa Misa ya Kilatini wanamvulia kofia. Miaka yote hiyo! Tangazo la mchango likitoka parokiani, kigango kizima tunalisoma kwenye simu kabla uji haujapoa. Hii dikrii wameipakia kwenye jahazi?

Na Papa Fransisko mwenyewe alianza kabla ya hiyo karatasi. Tarehe 28 Machi 2013, hana hata mwezi tangu achaguliwe, alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo kule Roma akaosha miguu ya watu 12, wawili wakiwa wasichana, mmoja wao Mwislamu. Mwaka 2024 akaenda gereza la wanawake la Rebibbia, akaosha wanawake watupu, wote 12, naye yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Najua watakuja watu hapa na "Alhamisi Kuu ni siku ya upadri". Sawa, ni siku ya Ekaristi na upadri, nimefundishwa Komunyo ya kwanza kama nyie. Ila kama ni kuigiza mitume, basi igizeni kweli. Petro alikuwa mvuvi. Nendeni Sahare alfajiri mkachukue mvuvi na magamba yake mguuni, muone kama yule wa saruji atakubali kukaa naye benchi moja.

Paroko simnyimi haki yake. Kuchagua ni kazi yake, na kuosha miguu kwenyewe wala si lazima kufanyike. Angesema "mwaka huu nimeamua kuwaosha hawa", ningenuna nyumbani kwangu, yakaisha. Mnaniudhi mnapoamua nyinyi halafu mnalitwisha Kanisa. Dikrii hiyo hiyo inawataka wachungaji wawafundishe waamini maana ya tendo lenyewe. Sisi mafundisho yetu yalikuwa simu ya dakika moja.

Jirani yake Bibi, mama wa Kiislamu, aliniuliza kwa nia njema kabisa: "Kwani kutawadha kwenu kuna mwanamume na mwanamke? Kwetu kila mtu anatawadha." Nikakosa la kumjibu. Na Biblia yetu ya siku nyingi, Yohana 13, inatumia neno hilo hilo, kwamba Yesu aliwatawadha wanafunzi miguu.

Bibi alikuja Alhamisi. Masika imechachamaa, tope hadi mlangoni. Akakaa benchi la nyuma na kandambili mpya alizonunua kwa ajili ya siku ile, zimeshachafuka. Mbele wanaume 12, viatu vimepigwa rangi, kila mmoja anavua soksi moja nyeupe pe. Padri akaosha, akafuta, akabusu. Maji yaliyobaki kwenye lile beseni ungeweza kuchemshia chai.

Jumamosi asubuhi alikwenda kufagia kama kawaida yake. Nilikuwepo. Akakabidhiwa mfuko wa taulo, azifue ziwahi mkesha wa Pasaka. Tukahesabu pale bombani: 12. Akainua moja, akainusa, akanipa na mimi. Losheni tupu. "Hizi hazina hata haja ya kulowekwa," akasema, akachukua sabuni akaanza.

Hajalalamika hata mara moja, mjue. Ninayelalamika ni mimi.

Parokia zenu huko wanafanyaje? Na mwenye nakala ya hiyo dikrii kwa Kiswahili aiweke hapa niichapishe leo leo. Jumapili baada ya Misa tuna kikao, na nimeshawaambia nina ajenda.